Saumu ya majani, kitunguu majani au punje za saumu: upande kipi kwenye ndoo?

Nyuma ya jiko langu hapa Tabata, Dar es Salaam, kuna ndoo nne za rangi, zile za lita 20, nimezitoboa matundu chini na kuzipanga ukutani. Jua la asubuhi linazipiga mpaka saa sita, kisha nyumba yenyewe inazitilia kivuli. Mgeni akipita haraka anaona nyasi tu. Shemeji yangu aliwahi kuniuliza kwa nini napanda majani ya ng'ombe na ng'ombe sina.

Zote nne ni za ukoo wa kitunguu. Ya kwanza ina saumu ya majani. Ya pili ina vitunguu majani, vilevile vya gengeni. Ya tatu ina punje za kitunguu saumu nilizochomeka ili nile majani yake. Ya nne ilikuwa na chaivu, ile ya Kizungu yenye majani membamba kama njiti. Nasema "ilikuwa", na sababu nitaieleza. Watu wananiuliza wapande ipi, hasa walioiona saumu ya majani kwenye video za mapishi ya Kichina au ya Kikorea wakaitamani. Nami huwarudishia maswali mawili: unaishi kwenye joto au kwenye baridi, na uko tayari kupanda upya mara ngapi? Ladha ni swali la tatu.

Kwanza tukubaliane majina. Mmea huu wa ndoo ya kwanza hauna jina la mtaani kwetu. Kitaalamu ni Allium tuberosum. Wachina wanauita jiucai, Wajapani nira, Wakorea buchu, Wafilipino kutsay, na kwao ni mboga ya kila siku kama mchicha ulivyo kwetu. Mimi nauita saumu ya majani kwa sababu ukilisugua jani lake harufu inayotoka ni ya saumu, siyo ya kitunguu maji. Kwa wanaosema kitunguu thomu, basi na iwe thomu ya majani. Shina langu la kwanza nililetewa na jirani aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina wajenzi wa barabara, limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Liweke jani kiganjani

Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuchuma jani moja moja na kulishika. Jani la kitunguu majani ni bomba: ukilibana linapasuka, ndani ni tupu, na vidole vinabaki na ute. Chaivu nayo ni bomba, ila jembamba mno. Jani la saumu ya majani ni bapa na limejaa, upana wake haufiki sentimita moja, na ukilikunja linakunjika bila kupasuka. Jani la punje ya saumu ni bapa pia, lakini ni pana zaidi na lina mkunjo katikati kama mtaro wa maji, tena majani yote yanapanda kwenye shina moja lililosimama wima. Saumu ya majani haisimami hivyo. Inatoka ardhini kama kichaka, vishina vyeupe kumi au ishirini vimebanana.

Huko kubanana ndiko kunakoipa sifa yake kubwa, nayo ni kwamba haikomi kuchipua.

Mwenye haraka na mwenye subira

Ukitaka kuvuna mwezi huuhuu, usihangaike na saumu ya majani. Nunua fungu la jero la vitunguu majani, chagua vyenye mizizi mizuri, pika sehemu ya juu, halafu vile vidole viwili vya chini vichomeke udongoni. Siku ya tatu au ya nne kijani kinachungulia katikati. Wiki ya tatu unakata. Wapo wanaoviweka kwenye glasi ya maji dirishani, na kwa siku chache inapendeza, lakini maji yanaanza kunuka na majani yanatoka mepesi yasiyo na ladha. Hata kwenye udongo mzuri mimi nakata mara tatu, mara nne, kisha nang'oa na kuanza upya, kwa sababu kila mkato unazidi kuwa mwembamba.

Punje za saumu ni za bure kabisa. Ile saumu iliyosahaulika kwenye kikapu cha viungo hadi ikatoa ulimi wa kijani, usiitupe. Chomeka punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita mbili tatu, unaweza kuzibananisha maana huzitafutii kichwa. Baada ya wiki tatu au nne majani yanafika urefu wa shubiri na unakata. Yatachipua tena mara moja, labda mbili, halafu punje imekwisha kujila na inaoza. Ni mavuno ya haraka, ila ni ya kula akiba.

Saumu ya majani ina tabia nyingine kabisa. Kwa mbegu, inachosha. Mbegu zake ni nyeusi, bapa, na huzeeka upesi: zikipita mwaka mmoja au miwili nyingi zimekufa. Pakiti yangu ya kwanza ya dukani nilimwaga yote, zikaota saba. Kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kulipa. Zikiwa hai, zitaota baada ya siku kumi mpaka ishirini, na miche yake ni kama nywele, mtoto akipita na ndoo ya maji anaifagia yote. Halafu unasubiri. Mimi sikukata kitu cha maana mpaka ilipotimiza miezi sita.

Kwa shina lililogawanywa ni hadithi nyingine: miezi miwili tu na kisu kina kazi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote ni kutafuta mtu mwenye kichaka kabla ya kutafuta mbegu.

Ikishajishika, sasa ndipo inawapita wenzake wote. Ndoo yangu ina mwaka wa nne. Nakata kila baada ya mwezi hivi, na sijapanda tena tangu siku ile ya gazeti. Nimeigawa mara mbili kwa sababu ilijaa mpaka udongo ukawa haushiki maji, yanapita pembeni na kutokea chini yakiwa masafi. Dalili ukiziona ni hizo: maji hayakai, na majani yanatoka membamba kama ya mgonjwa. Basi unaipindua ndoo, unakata tonge la mizizi kwa kisu cha mkate vipande vinne, unapunguza mizizi mirefu, na kila kipande chenye vishina vitano sita unakipa nyumba yake. Kwa kawaida kazi hiyo inakuja kila miaka miwili mitatu.

Ukataji wenyewe nao una namna. Usichume jani moja moja kama unayechuma matembele. Shika konzi nzima, pitisha kisu kikali juu ya udongo kwa vidole viwili, acha vile vyeupe vya chini. Mimi nakata nusu ya ndoo wiki hii na nusu nyingine baada ya wiki mbili, nisikose. Kila baada ya mkato natia konzi mbili za samadi ya kuku iliyokwisha kuoza na kumwagilia. Samadi mbichi itaiunguza, hilo nimejifunza kwa hasara ya robo ndoo.

Joto, baridi, na kifo cha chaivu

Dada yangu anaishi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari. Tuligawana pakiti moja ya mbegu za chaivu. Zake zilifanya kichaka cha kupendeza, na zikatoa vile vichwa vya maua ya zambarau. Zangu ziliota vizuri mwezi wa Juni, zikadumaa Oktoba, na Januari zikawa zimelala kama uzi uliochemshwa. Nilijaribu kivuli, nikajaribu kumwagilia asubuhi na jioni. Chaivu ni mmea wa baridi, na Dar siyo kwao. Uko Lushoto, Arusha, Limuru au Nairobi? Panda bila wasiwasi. Uko Tanga, Mombasa, Unguja au hapa kwangu, okoa hela yako.

Kitunguu saumu nacho kina ubishi wa namna hiyo. Watu wa pwani wanapanda punje wakitarajia vichwa, wanapata majani na kishina kilichonenepa kidogo, basi. Saumu inahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo punje zigawanyike na kufanya kichwa, ndiyo sababu saumu yetu hulimwa Mbulu na nyanda za juu za Iringa na Mbeya, na kwa Kenya sehemu za Meru na Nyeri. Kwenye joto vuna majani tu, wala usijilaumu.

Saumu ya majani asili yake ni China, lakini inalimwa kuanzia Korea kwenye barafu mpaka Thailand na Ufilipino kwenye joto kama letu. Ya dada yangu inakua polepole kuliko yangu na jani lake ni laini zaidi. Yangu inakimbia, ila nikiiacha bila maji siku mbili za Februari ncha zinakauka na jani linakuwa na nyuzi. Haifi. Hiyo ndiyo tofauti yake na chaivu: inaudhika na inaendelea.

Jikoni

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa sababu wanadhani hizi ni nne za kazi moja.

Mama mkwe alikuja kukaa nami mwezi mzima, siku ya pili akaikuta ndoo.

"Mwanangu, hii ni mboga au kiungo?"

"Vyote viwili, mama."

Akaipika kama mboga: akakata fungu zima, akaliunga kwa nazi, akaliacha litokote kama kisamvu. Tulikula kimya. Halafu akasema, "Ladha ipo, ila inateleza kama bamia, na meno yangu yamejaa uzi." Alikuwa sahihi. Saumu ya majani haitaki moto mrefu. Harufu ya saumu huzaliwa pale jani linapokatwa, kimeng'enya kilichomo ndani kinapokutana na viini vya salfa, na ukiitokosa kwa muda mrefu harufu hiyo inapungua mpaka ubaki na majani tu. Iingie dakika ya mwisho, igeuzwe mara mbili, sufuria iondoke jikoni.

Mahali inapong'aa ni kwenye mayai. Chipsi mayai yangu ya nyumbani siku hizi haina kitunguu maji kabisa: konzi ya saumu ya majani iliyokatwa urefu wa kifundo cha kidole inarushwa kwenye mafuta sekunde kumi, mayai yanafuata, chipsi juu yake. Inafaa pia kwenye chapati za maji, na hapo hatuko mbali na Wakorea, maana wana chapati yao ya unga na buchu inayokaangwa hivyohivyo kwenye kikaango.

Kwenye sambusa nimebadilisha nusu ya kitunguu kwa saumu ya majani, na nilipata tabu mwanzoni. Majani yanatoa maji yakikutana na chumvi, manda inalowa, sambusa inapasukia kwenye mafuta. Dawa yake nilipewa na yule jirani mpishi, ndiyo wanayoitumia kwenye vile vitumbua vyao vya kuchemsha vya nyama, jiaozi: changanya majani yaliyokatwa na mafuta kwanza, yavae mafuta, halafu ndiyo uyatie kwenye nyama iliyopoa yenye chumvi yake. Maji yanabaki ndani ya jani.

Kwa kachumbari, sioni sababu ya kuisumbua. Kitunguu majani kinashinda, kina maji, kina utamu, kinavunjika menoni. Saumu ya majani ikiwa mbichi ina ukali unaokaa mdomoni mpaka jioni, na anayekwenda msikitini au kikaoni asijidanganye kwamba kala majani tu.

Kwa dagaa wa kukaanga, au maharage ya nazi yanayokaribia kuiva, majani ya punje za saumu ndiyo mfalme. Harufu yao ni ya saumu yenyewe, kavu na kali, na kwa sababu unavuna kidogo unayatumia kwa heshima. Chaivu, kwa mwenye bahati ya kuwa nayo, haipikwi. Inakatwa kwa mkasi juu ya viazi vya kuchemsha vyenye siagi, au kwenye supu iliyokwisha kupakuliwa.

Na pilau? Hakuna hata moja kati ya hizi. Pilau inataka saumu ya kupondwa kwenye kinu na tangawizi. Hali ni hiyohiyo kwa mishkaki. Aliyekwambia saumu ya majani itakuondolea kununua vichwa vya saumu hajawahi kupika nyama ya kutosha.

Tuna mavuno mawili ya ziada ambayo ndoo nyingine hazinipi. Saumu ya majani ikitoa bua la ua, lichume kabla kichwa hakijafunguka, likate, likaange na vipande vya nyama. Ni tamu kuliko jani, linavunjika kama haragwe changa. Ukiacha ua likafunguka, ni jeupe, nyota ndogondogo, nyuki wanalipenda, lakini usiliache likakomaa. Mbegu zitamwagika kwenye kila ufa wa simenti, na kuna nchi, Australia mojawapo, ambako imetoroka bustanini ikawa magugu. La pili ni mchezo wa Wachina: ukishakata, funika kichaka kwa ndoo nyeusi isiyopitisha mwanga, na baada ya wiki mbili tatu majani yanatoka ya njano, laini, bila ukali. Nimelifanya mwezi wa Julai likafaulu. Nililijaribu Desemba, nikafunua nikakuta uozo.

Wadudu, na sura zinazodanganya

Magonjwa yao yanafanana, kwa hiyo hapa sina mshindi. Vidukari weusi hujazana kwenye shingo za mashina wakati wa ukame, na vithiripi, wale wadudu wembamba wadogo sana, huacha michirizi ya fedha kwenye jani. Kwa kitunguu majani unahangaika na maji ya sabuni. Kwa saumu ya majani mimi nakata ndoo nzima chini, natupa mbali na hapo, namwagilia. Ikichipua ni mpya. Kuku hawajawahi kunilia majani haya, lakini wanapekua udongo, basi weka mawe juu. Mwenye paka au mbwa ajue kwamba jamii yote ya vitunguu ni sumu kwao.

Jambo la kuchukulia kwa uzito ni hili. Niliwahi kununua "saumu ya majani" kwenye bustani moja ya maua ya barabarani, harufu ya saumu ilikuwepo, nikaridhika. Ilipotoa maua ya zambarau nikajua nimeuziwa Tulbaghia, mmea wa Afrika Kusini unaopandwa kama pambo la njia. Hiyo haina ubaya, huko kwao majani yake huliwa, ila ladha yake ni nyingine. Hatari hasa ni yale maua meupe ya mvua yanayopandwa kandokando ya nyua, Zephyranthes. Yakiwa hayana ua, majani yake mtu asiyezoea anaweza kuyadhania saumu, na yana sumu. Huko Japani watu hulazwa hospitali kwa kuchuma majani ya ua la bustani jamii ya narisisi wakidhani ni nira. Kipimo ni kimoja: sugua jani. Kama halinuki saumu, haliingii jikoni. Na usiipande karibu na maua hayo, kwa sababu ukishashika moja mkono mzima unanuka, na jani la pili litakudanganya.

Basi upande ipi?

Uko pwani, una ndoo moja, unapika mayai na mboga za haraka, na hutaki habari ya kupanda kila mwezi: saumu ya majani, tena kwa shina, siyo mbegu. Umepanga chumba na huenda ukahama baada ya miezi mitatu: vitunguu majani, utavila kabla mkataba haujaisha. Unapenda kachumbari kuliko vyote, jibu ni hilohilo. Una saumu zinazochipua kwenye kikapu, chomeka leo, hata kwenye kopo la maziwa, na usihesabu kama bustani. Uko nyanda za juu na una ardhi, panda saumu ya majani na chaivu bega kwa bega, na punje za saumu kwenye tuta lao kwa ajili ya vichwa.

Kama mtaniuliza mimi ningebaki na ndoo ngapi, ni mbili: saumu ya majani na vitunguu majani. Ya nne, iliyokuwa ya chaivu, sasa ina kipande cha saumu ya majani kinachomsubiri shemeji, maana amebadilisha kauli tangu ale zile sambusa.

Ukipewa kipande kama hicho, usikipande na majani yake marefu. Yakate yabaki vidole vitatu, mizizi nayo ipunguze iwe na urefu huohuo, chimbia mpaka ile sehemu nyeupe ifunikwe, mwagilia mara moja uloweshe vizuri, halafu kiweke kivulini siku nne. Majani ya kwanza yatakuwa membamba na yatakukatisha tamaa. Yaache, kata yale ya pili.